Kipaza sauti kikae kwa nani?

Kila Oktoba na Novemba, vyuo vikuu vya Uingereza huandaa Tamasha la Sayansi za Jamii kwa msaada wa ESRC, baraza la nchi hiyo linalogharamia utafiti wa uchumi na jamii. Lilianza 2003. Watu huingia bure kusikiliza mihadhara, kutazama maonesho na kubishana na watafiti. Australia nayo ina wiki yake kila Septemba tangu 2018. Wanafunzi wangu wa sosholojia wakikutana na matangazo hayo mtandaoni huniuliza mbona sisi hatuna.

Tunayo, tena ya siku nyingi. Ninacholalamikia mimi si uhaba wa matukio bali ni mkono unaoshika kipaza sauti yakishaanza.

Tuanzie Makerere, 1970. Ali Mazrui, mwana wa Mombasa aliyekuwa profesa wa sayansi ya siasa pale Kampala, alikutana jukwaani na Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam. Mmoja mliberali, mwingine Mmarx, na wote wawili mafundi wa kusema. Waliovutiwa na mjadala ule wanauzungumzia hadi leo. Mlimani, Dar es Salaam, nako wanafunzi wa USARF, umoja wa wanamapinduzi wa Kiafrika chuoni hapo, walikuwa na madarasa yao ya itikadi siku za Jumapili. Hayakuwa na mtihani wala cheti. (Umoja huo uliwahi kuongozwa na kijana mmoja wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Wasomaji watajua wenyewe la kufanya na habari hiyo.) Baadaye, 2008, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani kiti cha uprofesa chenye jina lake, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia. Aprili 2009, mwezi aliozaliwa Mwalimu, mwandishi wa Nigeria Wole Soyinka alihadhiri katika tamasha la kwanza la Kigoda.

Nayapenda matukio hayo na sitaki yafe. Lakini yote ni ya msomi kusema na wengine kusikiliza. Hata mjadala mkali kiasi gani wa wasomi wawili bado ni wa wawili.

Ndiyo maana mfano wangu mkubwa huwa Mabibo, Dar es Salaam. Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ulioanzishwa 1993, una semina zake za Jinsia na Maendeleo ambazo kwa miaka mingi zimefanyika Jumatano, na Tamasha la Jinsia lililoanza 1996 na kuwa la kila baada ya miaka miwili. Anayekuja Jumatano haulizwi shahada. Atakaa mwanafunzi wa uzamili, pembeni yake mama lishe, mbele yao mwanaharakati wa kituo cha taarifa na maarifa cha kata fulani. Mada inaweza kuwa bajeti ya serikali. TGNP walianza kuichambua bajeti kwa jicho la kijinsia tangu 1997, wakati wengi wetu vyuoni tulidhani bajeti ni mali ya wachumi peke yao. Mtu anayeamka alfajiri kutafuta maji akiuliza fedha za maji zilikwenda wapi, mjadala unapata uzito ambao mhadhara wangu hauwezi kuupata.

Hapo ndipo sayansi zetu zinapotofautiana na nyingine mbele ya hadhara. Mwanafizikia huweka darubini mezani, na aliyekuja kutazama anajua kwamba hajui. Sisi tunaweka ndoa, mahari, ada ya shule, foleni ya zahanati. Kila aliyeingia ukumbini ana maoni, na mara nyingi ana ushahidi pia. Wenzangu wengine huliona hilo kama kero. Mimi naona ndiyo mali tuliyo nayo.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote linatumia sensa. Watu hawaihesabu sensa kama sayansi ya jamii, ingawa hakuna utafiti mkubwa kuliko huo nchini. Nawaambia waliokuja: sensa ya 2022 ilitukuta Tanzania tuko 61,741,120, na wastani wa kaya ni watu 4.3. Halafu nanyamaza. Haipiti dakika kabla mtu hajapinga. "Kwangu tuko tisa!" Mwingine anasema anaishi peke yake chumba kimoja Tandale. Natafuta karatasi kubwa, tunaandika ukubwa wa kaya za watu wote waliopo, tunajumlisha, tunagawanya. Wastani wanaupata wenyewe, na wanaona kwamba hakuna hata mmoja kati yao mwenye kaya ya watu wanne na nukta tatu.

Hesabu ikiisha, kazi ndiyo inaanza, kwa sababu lazima mtu aulize kaya ni nini. Naeleza kwamba kitakwimu ni watu wanaoishi pamoja na kushirikiana mahitaji ya maisha, chakula kikiwa mbele, na kwamba sensa ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia 23 Agosti. Mama mmoja akaniuliza: kijana wangu analala kwa bibi yake kwa sababu chumba hakitoshi, ila asubuhi na jioni anakula kwangu, na ada namlipia mimi. Ni wa kaya ipi? Kwa sensa, ni wa kwa bibi. Kwa mfuko wa huyo mama, ni wake. Mzee mmoja naye akadakia kuhusu mume mwenye nyumba mbili. Ukumbi ukawaka.

Mabishano hayo ni nadharia kamili. Wanaotafiti uchumi wa familia wamebishana kwa miongo mingi kama ni halali kuichukulia kaya kuwa na mfuko mmoja na nia moja, na wanazuoni wa jinsia ndio walioonesha kwa nguvu kwamba mara nyingi si hivyo: mume ana hela zake, mke ana kibubu chake, na anayelipia dawa si lazima awe anayetajwa kuwa mkuu wa kaya. Watu wa pale walifika huko bila kusoma makala hata moja.

Sasa vikwazo. Cha kwanza ni mgeni rasmi. Tukio limetangazwa saa tatu, mgeni anafika saa tano, itifaki inazingatiwa kwa nusu saa, meza kuu inatambulishwa mmoja mmoja, kisha hotuba, kisha picha ya pamoja. Wananchi wakifikiwa, mshereheshaji anasema muda umetutupa mkono, tuchukue maswali matatu tu. Dawa yangu ni ya kikatili kidogo: kiongozi namwalika aje kusikiliza, na nafasi yake ya kusema naipanga mwisho. Wapo wanaokataa kuja. Wanaokuja hukaa hadi mwisho.

Posho nitaipitia haraka kwani imeandikwa sana: nauli lipa, chai weka, bahasha ya kukaa tu usiianzishe.

Lugha wala sijadili. Kiswahili, na pale ambapo wazee wako huru zaidi kwa Kigogo au Kisukuma, mkalimani wa hapohapo kijijini.

Kikwazo kisichoonekana ni siri za watu. Kijijini kwenyewe, tunapopeleka mrejesho wa utafiti, kuficha jina hakutoshi. Ukisema "mjane mmoja mwenye ng'ombe watatu," nusu ya waliokaa chini ya mwembe watageuza shingo upande mmoja. Kwa hiyo mrejesho wangu huwa wa mafungu, si wa mtu, na jambo lolote la aibu nalibadilisha kuwa swali la jumla au naliacha. Mara nyingine nimelazimika kuacha kipande kizuri kuliko vyote. Takwimu nazo zina sheria yake. Marekebisho ya 2018 yaliwatia watafiti woga wa kutangaza namba zinazopishana na za serikali, na ingawa yalilegezwa 2019, nawashauri vijana waisome sheria kabla ya kuchapa mabango.

Pamoja na usumbufu wote huo, mrejesho haukwepeki. Nenda kijiji kinachopendwa na watafiti, utasikia: "Wale wengine waliandika, wakaondoka, mpaka leo." Watu wamechoka kujazishwa dodoso na wageni wasiorudi, na wana haki.

Ninachofanya siku hizi ni kumweka mwandishi mmoja ukumbini ambaye kazi yake ni maswali tu. Anayaandika kwa maneno ya muulizaji, bila kuyasafisha. Tukirudi ofisini tunayapitia kabla ya kutunga dodoso linalofuata. Swali la yule mama lilitubadilishia ukurasa wa kwanza: zamani tuliuliza kaya yako ina watu wangapi, sasa tunauliza nani alilala hapa jana, nani alikula hapa jana, na nani hapa unamlipia. Tunauliza yote matatu, na hatumlazimishi anayejibu ayalinganishe.