Kwa nini mfinyanzi hulipindua bakuli na kulichonga kitako?

Chukua bakuli la udongo kutoka kabatini, lipindue, kisha pitisha kidole kitakoni. Utakuta pete: ukingo mwembamba wa mviringo uliojitokeza kidogo. Kidole kitahisi ukavu na mkwaruzo, maana hapo hapakupakwa ule ung'avu wa kioo uliofunika sehemu nyingine zote. Wengi hudhani pete ile ilibandikwa baadaye. Kwa bakuli lililofinyangwa kwenye gurudumu, mara nyingi haikubandikwa. Ilikuwa ndani ya udongo tangu mwanzo, na mfinyanzi ameifikia kwa kuondoa udongo uliokuwa pembeni yake na katikati yake.

Kazi hiyo ndiyo kuchonga kitako. Hufanyika siku moja au mbili baada ya kufinyanga, na wanaoanza huidhania kuwa ni usafi wa mwisho tu. Mimi naihesabu kuwa nusu ya kufinyanga kwenyewe, na chanzo chake ni maji.

Udongo laini ulio tayari kufinyangwa una maji yanayofikia kama moja ya tano ya uzito wake. Chembe zake ni vibapa vidogo mno, vingi havifikii sehemu mbili za elfu za milimita kwa upana, na kila kimoja kimefunikwa na utando wa maji. Utando huo huviwezesha kuteleza bila kuachana, ndiyo maana udongo hufuata kidole. Tatizo ni kwamba udongo unaomtii mfinyanzi hutii pia uzito wake wenyewe. Ukiuvuta ukuta uwe mwembamba mpaka chini kabisa, mdomo utaulemea, ubavu utabonyea, na bakuli litakaa chini mbele ya macho yako. Kwa hiyo sehemu ya chini huachwa nene makusudi, kama fundi anavyoacha mirunda chini ya zege mpaka zege lishike. Kuchonga kitako ni kuondoa mirunda.

Mirunda isipoondolewa, uzito wa bakuli ndiyo shida ndogo. Shida kubwa ni kwamba udongo husinyaa ukikauka, aina nyingi kwa asilimia 5 hadi 8. Ukuta mwembamba hukauka na kusinyaa mapema, huku kitako kinene bado kikiwa na unyevu. Sehemu mbili za chombo kimoja zikisinyaa kwa mwendo tofauti huvutana, na mwisho wa kuvutana ni ufa. Hata lisipopasuka kivulini, tanuri linalisubiri: moto ukivuka nyuzi 100 za Selsiasi, maji yaliyojificha ndani ya unene hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea huupasua udongo vipande vipande. Niliwahi kufungua tanuri nikakuta kitako cha bakuli langu kimeruka vigae, na kikombe cha mwenzangu kilichokuwa jirani kimevunjika mdomo. Kile kikombe kiliniuma kuliko bakuli.

Hapo mtu atauliza: mbona chungu cha bibi hakina pete? Swali zuri. Vyungu vya Wakisi wa Ziwa Nyasa, wanaoviuza katika soko la Matema, hufinyangwa kwa mikono na kitako chake ni duara. Chungu cha namna hiyo makao yake ni mafiga matatu, au kata kichwani, na penye mviringo moto husambaa bila kukutana na pembe ambapo ufa ungeanzia. Hata hivyo wafinyanzi wa mikono nao hukwangua ukuta kwa kipande cha kibuyu au gunzi la mahindi ili unene ulingane. Sababu ni ile ile. Pete yenyewe imeletwa na meza na rafu ya tanuri: chombo hukaa bila kuyumba, na kwa kuwa dawa ya kung'arisha huyeyuka kama kioo na kung'ang'ania chochote inachokigusa, pete isiyopakwa ndiyo inayokiwezesha kutoka tanurini bila kugandana na rafu.

Pwani yetu ilizijua pete hizi karne nyingi kabla ya kabati za vioo. Nguzo za makaburi ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, zilipambwa kwa sahani na mabakuli ya Kichina: kitako kilizamishwa kwenye chokaa, uso ukabaki nje kumtazama mpita njia. Na huko China, katika mji wa Jingdezhen, uchongaji ni ufundi unaojitegemea: mmoja hufinyanga, mwingine huchonga. Mwandishi wa Kichina Song Yingxing aliandika mwaka 1637 kwamba kikombe hupita katika mikono 72 kabla ya kukamilika.

Wewe mwenye mikono miwili, jambo la kujifunza kwanza ni wakati. Udongo ukiwa mbichi, kijembe cha kuchongea hunata na chombo hupinda. Ukikauka kabisa, hutoka vumbi, na mdomo hukatika kwa kuguswa tu. Unaotakiwa ni udongo uliofikia ugumu wa mche wa sabuni ya kufulia: kucha inaingia na kuacha alama safi, lakini ukuta haubonyei. Lisogeze shavuni; likiwa bado na ubaridi, unyevu umo. Kwa kuwa mdomo hutangulia kukauka, ufunike kwa nailoni, na mara tu utakapoweza kubeba uzito, lipindue bakuli ili kitako kipate hewa.

Kabla ya kulipindua, pima. Weka kijiti juu ya mdomo, upime kina cha ndani, kisha upime kimo cha nje. Nje ikiwa sentimita 8 na ndani 6.5, sakafu ya bakuli ina unene wa milimita 15. Ukiacha milimita 6, unazo 9 za kuchonga. Wanaoruka hatua hii ndio wanaotoboa.

Sasa liweke kifudifudi katikati ya sahani ya gurudumu, uzungushe polepole, na ushike penseli pasipo kuitikisa, ncha yake ikigusa ubavu kidogo tu. Penseli ikichora upande mmoja, upande huo ndio uliotokeza. Usukume kidogo kuelekea katikati, urudie mpaka mstari uzunguke bakuli zima. Kisha libane kwa madonge matatu ya udongo laini, ukiyakandamiza kwenye sahani, si kwenye bakuli, lisije likapinda.

Kijembe chenyewe ni waya bapa uliokunjwa kitanzi na kutiwa mpini. Viwiko viegemee mapajani, na kidole gumba cha mkono wa pili kigusane na mkono ulioshika kijembe, ili mikono iwe kitu kimoja. Anza na unene wa ziada wa pembeni, shuka ubavuni, ndipo uingie katikati ya pete. Udongo ukitoka utepe mrefu uliojikunja, mambo yako sawa. Kijembe kikianza kuruka na kuacha mawimbi, ama ni butu, ama kimeshikwa kwa ulegevu, ama udongo umekauka mno. Wafinyanzi wa Onta, kisiwani Kyushu huko Japani, waliyageuza mawimbi hayo kuwa pambo, nao huyaita tobi-kanna. Lakini wao huyataka, na mwanafunzi yampasa kwanza ajue kuyazuia.

Kila mara simamisha gurudumu, ugonge sakafu ya bakuli kwa kidole. Palipo nene hutoa sauti nzito na fupi; kadiri unavyopunguza, sauti hufunguka, na ukikandamiza kwa gumba ukahisi inanesa, acha hapo hapo.

Yale maganda usiyatupe, wala usiyatie kwenye ndoo yakiwa na unyevu, maana yatakaa mabonge kwa siku nyingi. Yaanike mpaka yawe makavu kabisa ndipo uyamwagie maji. Udongo mkavu hunywa maji kwa pupa, na ukitega sikio kwenye ndoo utausikia ukichemka vipovu huku ukibomoka kuwa uji.