Ajali barabarani: aliye karibu afanye nini? Maswali na majibu

Kwa nini tufundishwe sisi wapita njia, na ambulensi zipo?

Kwa sababu hapa Tanzania majeruhi wengi wa barabarani hufika hospitali kwa bajaji, bodaboda, gari la polisi au gari la msamaria mwema. Mshipa mkubwa wa damu ukikatika pajani, mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, hata kama ambulensi iko njiani. Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, na wataalamu wameongezeka tangu hapo. Lakini daktari anamtibu aliyemfikia akiwa hai. Muda kabla ya hapo uko mikononi mwa muuza matunda, kondakta na vijana wa kijiweni.

Damu inatoka kwa wingi. Nianzie wapi?

Vaa glavu, au mfuko wa nailoni mikononi kama huna. Chukua khanga, kitenge au shati safi, kunja, weka juu ya jeraha lenyewe na ugandamize kwa viganja vyote viwili, mikono imenyooka, uzito wa mwili ukiwa juu yake. Usifunuefunue kuangalia kama damu imekata, maana utabandua donge lililoanza kuziba. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu na uendelee kugandamiza.

Ikiwa ni mkono au mguu na damu bado inatiririka, funga kitambaa chenye upana wa vidole vitatu, si juu ya jeraha lenyewe bali kando yake, upande wa kuelekea moyoni, lakini si kwenye goti wala kiwiko. Pitisha kijiti, sokota mpaka damu ikome. Kumbuka saa uliyofunga, uwaambie hospitali, na usikilegeze njiani. Kamba nyembamba na waya hukata nyama, usivitumie.

Chuma au kioo kilichozama mwilini kiache hapo hapo. Mafuta ya taa, udongo na kahawa ya unga visiguse jeraha.

Si bora kumpakia upesi kwenye pikipiki?

Hapana, na hili naliomba sana. Kumkalisha aliyezimia katikati ya dereva na abiria, shingo ikining'inia, kunaweza kumpoozesha mtu ambaye angepona. Kama hakuna moto wala hatari ya kugongwa tena, mwacheni alipo, mmoja ashike kichwa kisicheze. Ikibidi kumhamisha, mbebeni watu wanne kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja, juu ya ubao au mlango, kisha tafuteni gari analoweza kulala. Aliyezimia lakini anapumua, akianza kutapika au kutoa damu mdomoni, mgeuzeni ubavu mwili wote kwa pamoja ili asipaliwe. Msimpe maji wala soda.

Helmeti inasaidia kweli?

Inasaidia mno. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani, na waendesha pikipiki wamo katika kundi lililo hatarini zaidi. Helmeti iliyofungwa kidevuni hupunguza sana vifo na majeraha ya ubongo. Isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijagusa lami. Abiria wengi huikataa kwa ajili ya jasho la waliotangulia. Vaa kitambaa chepesi ndani yake. Na mishikaki, yaani kupakiana abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki, hata kwa safari ya kufika sokoni tu, ikataeni.

Lori la mafuta limepinduka na watu wanakimbilia na madumu. Niseme nini?

Waambie kuhusu Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Watu walikusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, ilitokea vivyo hivyo Januari 2009, nako walikufa zaidi ya 100. Mvuke wa petroli husambaa bila kuonekana, na cheche ya pikipiki inayowashwa inatosha. Ondokeni mbali, zuieni magari, msiwashe chochote. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20; dawa ya meno na mayai ni vya kuacha kabisa.

Naogopa polisi na PF3, ile fomu ya polisi ya kumruhusu majeruhi atibiwe.

Aliye katika hali ya hatari atibiwe kwanza, fomu ifuate. Serikali imelisema hilo mara nyingi, na ndugu wa majeruhi wadai hilo bila woga. Kenya wameliandika kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 43: hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Nani afundishwe kwanza?

Madereva wa bodaboda. Wako kila kona, na mara nyingi ndio wanaofika kwanza kwa mwenzao aliyeanguka. Uongozi wa kijiwe umwombe mganga mfawidhi wa kituo cha afya cha kata atume muuguzi asubuhi moja, wafanye mazoezi ya kugandamiza na kubeba mpaka mikono izoee. Mchango wa kijiwe ununue glavu na bandeji, zikae chini ya kiti cha pikipiki.

Nipige namba gani?

Tanzania, 112 kwa polisi na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Taja barabara, alama ya karibu kama shule au kituo cha mafuta, idadi ya majeruhi, na kama kuna aliyebanwa ndani ya gari. Usikate simu mpaka wakuambie wamekuelewa.