Bati jembamba si bati dhaifu

Makambako, mjini mkoani Njombe, upepo ukiezua paa, lawama huangukia geji, yaani namba ya unene wa bati (namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba): "Angeweka 28, hiyo 30 nyembamba mno." Unene si kitu kikubwa hivyo. Bati bapa ukiliongezea unene mara mbili, ugumu wake wa kupinda huongezeka mara 8 tu. Likunje migongo ya kina cha milimita 18, kwa unene wa milimita 0.3 tu, nalo huwa gumu zaidi ya mara 1,000 kuliko likiwa bapa, kufuata urefu wa migongo. Kwa upana bado hujikunja kama mkeka. Upepo hulinyonya bati kwenda juu, hasa kingoni mwa paa. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huwa mara 4. Mara nyingi kinachoachia ni misumari, au papi (mbao inayopigiliwa bati) isiyofungwa vizuri kwenye kenchi (fremu ya paa).