Redio za Zamani Hazina Zebaki Nyekundu
Ujumbe unaozungushwa tena na tena katika makundi ya mtandaoni unadai kwamba redio na televisheni za zamani zina zebaki nyekundu yenye thamani ya mamilioni, isiyoonekana kwenye kioo na inayokimbia kitunguu saumu. Kimiminika cha namna hiyo hakipo. Ndani ya redio na televisheni hizo mna valvu, chupa ndogo za kioo zilizokuza mawimbi hafifu kabla ya transista, kifaa kidogo kilichochukua nafasi yake, kubuniwa mwaka 1947. Doa linalong'aa kama fedha ndani ya valvu ni bariamu, metali ya kunasa mabaki ya hewa, na kwa kuwa baadhi ya valvu zilipakwa rangi nyekundu kwa nje, wengi huchanganyikiwa. Itazame valvu isiyopakwa rangi kwenye mwanga: hakuna kinachotikisika. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, kwani anayevunja televisheni huweza kugusa kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) zenye umeme hatari hata baada ya kuzimwa.