Kuongeza mwangaza hakurudishi kila kilichomo gizani

Hapa Goma wengi huamini kwamba picha yenye giza, hata ya harusi isiyorudiwa, hurudishiwa kila kitu kwa kuongeza mwangaza katika programu ya kuhariri. Imani hiyo inaeleweka, kwa maana uso uliokuwa kivulini mara nyingi hujitokeza kweli. Hata hivyo, picha ya kawaida ya JPEG, aina ya faili ambayo simu na kamera nyingi huhifadhi, ina ngazi 256 tu za mwangaza kwa kila rangi ya msingi, na sehemu iliyorekodiwa kuwa sufuri, yaani nyeusi kabisa, haina umbo la kufufuliwa. Ukiiangaza, utapata weusi au kijivu kitupu, na kandokando yake chembechembe za rangi. Faili ghafi (RAW) ya biti 14, yaani data ya kamera kabla haijageuzwa kuwa JPEG, huhifadhi ngazi 16,384, ndiyo maana huvumilia zaidi.

Ili kuhakikisha, piga picha ya chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, mbele ya ukuta wa mawe meusi ya volkano jua likizama, uiongeze mwangaza, kisha uikuze na uyatafute matundu ya mawe yale. Yakionekana, yalirekodiwa, yakibaki madoa, hayakurekodiwa. Picha iliyofifia tu ni jambo jingine, na huponyeka kwa urahisi: fungua histogramu, yaani mchoro unaoonyesha ni kiasi gani cha picha kiko katika kila ngazi ya mwangaza, na mlima wake ukiwa umejikusanya katikati, sogeza alama za weusi na weupe hadi kwenye kingo za mlima huo.