Akaunti ya zamani "inastahiki" kuongezewa storeji bure: maana yake hasa ni nini

Kuna kitu watu huwa wanakichanganya sana kwenye hizi email zetu za zamani, zile za hotmail na gmail tulizofungua enzi za intaneti kafe, unalipia nusu saa unafungua email haraka haraka kabla muda haujaisha. Unasikia mtu anasema akaunti za zamani ziliongezewa nafasi bure kwenye wingu, wewe unaenda kuangalia ya kwako ambayo ni ya zamani kweli, ya 2007 huko, unakuta GB 5 tu. Mwenzako aliyefungua miaka miwili baada yako ana GB 40 na hajawahi kulipa hata shilingi. Unajiuliza, sasa mimi nimekosa nini?

Jibu liko kwenye neno kustahiki, na nataka nilieleze vizuri maana watu wengi wanadhani kustahiki ni umri wa akaunti, na siyo hivyo.

Tuanze na nafasi yenyewe. Ukifungua email kwenye kampuni kubwa unapewa na kakabati kako huko kwenye seva zao, unaweka picha, dokyumenti, video, unazikuta popote utakapoingia, iwe kwenye simu au kompyuta ya ofisini. Ndo wanaita wingu. Hilo kabati lina ukubwa wake wa kawaida ambao kila mtu anapewa bure, na ukubwa huo kampuni inaubadilisha inavyotaka, leo wanaongeza kesho wanapunguza. Sasa wakiubadilisha ndo linakuja swali, wale waliokuwepo kabla wanafanywaje? Hapo kampuni inatoa ofa kwa wateja wa zamani na inaweka vigezo, na mwenye kutimiza vigezo hivyo ndo anayestahiki. Lile tangazo la redioni linaloishia na "vigezo na masharti kuzingatiwa", linalosomwa mbio mbio mpaka husikii vizuri, basi kustahiki kunakaa hapo hapo kwenye hayo maneno ya mwisho.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni wa Microsoft, wenye hotmail, mwaka 2012. Wakati huo OneDrive, yaani kabati lao la kwenye wingu, ilikuwa inaitwa SkyDrive, na tangu mwisho wa 2008 kila mtumiaji alikuwa na GB 25 bure, ambayo kwa kipindi kile ilikuwa nafasi kubwa mno, flashi ya GB 4 tu ulikuwa unatembea nayo kwa maringo. Aprili 2012 wakatangaza kwamba kuanzia sasa mtu mpya anapewa GB 7. Hoja yao ilikuwa kwamba asilimia 99.94 ya watumiaji hawajafikisha hata hizo GB 7, na anayetaka zaidi atanunua, dola 10 kwa mwaka kwa GB 20 za nyongeza. Lakini wale waliokuwepo wakapewa nafasi ya kubaki na 25 zao bure kabisa. Na sasa angalia vigezo vilivyowekwa, maana ndani yake kuna somo lote.

Cha kwanza tarehe, uwe umeshajiandikisha SkyDrive kufikia tarehe 22 Aprili 2012. Halafu uwe umeshawahi kupakia faili huko, yaani kuwa na anwani ya hotmail peke yake haikutosha, lazima kabati uwe umelifungua na kuweka kitu ndani. Na juu ya hayo yote uingie mwenyewe ubonyeze kitufe cha kukubali kwamba nataka kubaki na GB 25, na hiyo ilikuwa kwa muda maalumu, siyo milele. Waliopona bila kubonyeza ni wale ambao tarehe 1 Aprili walikuwa wameshatumia zaidi ya GB 4, hao waliwekewa moja kwa moja ili mafaili yao yasije yakapata shida.

Umeona sasa? Mtu mwenye hotmail ya 1999 ambaye alikuwa anasoma barua tu hakustahiki. Mtu wa Januari 2012 aliyepakia picha mbili za harusi na akabonyeza, akastahiki na akapata. Na yule aliyepakia picha zake lakini hakusoma tangazo, huyo alistahiki ila hakupata, na huyu ndo ananiuma kuliko wote kwa sababu haki yake ilikuwepo na ikapita. Kustahiki ni kuwa na haki ya kuomba. Kupewa ni jambo lingine, kunakuja ukishaomba.

Dada yangu mkubwa ndo alinifanya niyaelewe haya. Mwaka jana simu yake ilijaa, akaniambia nimsaidie kuhamisha picha za watoto. Nikamuuliza email gani anatumia akanitajia hotmail yake ya zamani aliyofungua kipindi anaomba chuo. Tukakaa mezani na laptop, tukaingia OneDrive, nikabonyeza ile alama ya gia juu nikaenda kwenye ukurasa wa kuangalia hifadhi. Ikaja mistari mitatu: nafasi ya bure GB 15, bonasi ya picha za kamera GB 15, bonasi ya uaminifu GB 10. Jumla 40.

"Mdogo wangu, hizi 40 nimezitoa wapi na mimi silipi chochote?"

Nikamwambia dada hebu kumbuka, 2012 ulikuwa unaweka nini huku? Akafikiria akasema alikuwa anaweka kazi zake za chuo maana flashi zilikuwa zinakula virusi kwenye kompyuta za maktaba. Na kuna siku alisoma tangazo akabonyeza kukubali, hata hakulitilia maanani. Basi mstari wa tatu ule ndo alama ya siku hiyo, umekaa pale miaka yote hii.

Mistari miwili ya juu ina historia yake, na hii ni ya 2015. Baada ya SkyDrive kubadilishwa jina kuwa OneDrive mwanzoni mwa 2014, nafasi ya bure ilipandishwa hadi GB 15 (ndo maana zile 25 za dada sasa zinaonekana kama 15 za bure na 10 za uaminifu), na ukiruhusu simu ipeleke picha zenyewe huko unaongezewa GB 15 nyingine. Watu wakafurahi. Halafu Novemba 2015 Microsoft wakatangaza wanashusha, bure itakuwa GB 5 na bonasi ya kamera inafutwa. Sababu waliyotoa ni kwamba kuna watu wachache kwenye vifurushi visivyo na kikomo walipakia kompyuta nzima nzima na makusanyo ya filamu, wengine wakapita TB 75 kila mmoja (TB moja ni kama GB 1,000), mara 14,000 ya mtumiaji wa kawaida. Yaani kosa la wachache wenye vifurushi vya kulipia likamwangukia hadi mwenye kabati la bure aliyekuwa na picha zake za Idi. Watu walikasirika na kwa kweli walikuwa na haki, walipiga kelele kwa maelfu mpaka Desemba kampuni ikalegeza, ikafungua ukurasa kwamba anayetaka kubaki na GB 15 zake pamoja na bonasi ya kamera aingie akubali kabla ya tarehe 31 Januari 2016 kuisha. Ni habari ile ile, uwe nazo tayari, uingie, ubonyeze, ndani ya siku zilizowekwa. Aliyebonyeza bado anazo mpaka leo, kama zile za dada. Aliyekuwa kijijini bila bando mwezi ule, au email yake haifungui wiki nzima, alikuja kukuta 5.

Mimi naona hapa ndo penye ugumu kwa watu wa huku kwetu. Hizi ofa zinatangazwa kwenye email yenyewe au kwenye ukurasa wa kampuni, kwa Kiingereza, kwa wiki chache, na wengi wetu tulikuwa tunafungua email tukitafuta kazi tu au tukisubiri barua fulani, zingine zote tunaona ni matangazo tunazifuta. Sio uzembe, ndo matumizi tuliyokuwa nayo.

Kwa nini kampuni isiwape tu wote wa zamani? Kwa sababu akaunti zilizolala ni nyingi mno, na nafasi iliyoahidiwa ni gharama hata kama haijatumika leo, maana inaweza kutumika kesho. Kwa hiyo wanataka kumtenga anayetumia kweli na anayemiliki jina tu. Ndo maana kigezo cha kuwa umepakia faili kinajitokeza, na ndo maana cha kubonyeza kipo, aliye hai atabonyeza.

Sio kila nyongeza inafanana pia. Google kwa mfano hawakuwa na hii ya mteja wa zamani kwa namna hiyo. Walichofanya Februari 2015 na tena Februari 2016 ni kutoa GB 2 kwa kila aliyeingia kukagua usalama wa akaunti yake, namba ya simu, vifaa vilivyoingia, basi. Ndo maana utakuta gmail ya mtu ina 17 au 19 badala ya 15 ya kawaida. Hapo kilichoangaliwa ni kitendo. Halafu kuna ya Google Photos, picha ulizopakia kwa ule ubora wa kubanwa kabla ya tarehe 1 Juni 2021 hazihesabiwi kwenye nafasi yako, za baada ya hapo zinahesabiwa, kwa hiyo huko kinachostahiki ni picha yenyewe kwa tarehe yake, akaunti wala haiulizwi umri. Na kuna nyongeza zenye mwisho: Apple walipofunga MobileMe, huduma yao ya zamani ya kulipia, na kuhamia iCloud, wingu lao la sasa, waliokuwa wanalipia walipewa GB 20 juu ya zile 5, ila ikafika tarehe 30 Septemba 2013 zikaondolewa, wakarudi kwenye 5 kama wengine. Kwa hiyo ukisikia umestahiki nyongeza uliza papo hapo, ya kudumu au ya muda?

Sasa kama wewe ni kati ya waliobahatika, zingatia kwamba nafasi hiyo imefungwa kwenye akaunti. Huwezi kuihamisha kwenye email mpya, huwezi kumpa mtoto, huwezi kuiuza. Ukiifunga akaunti kuna muda maalumu wa kujirudi, ukipita imekwenda na bonasi zake zote na haitarudi, maana ukifungua mpya unahesabiwa mgeni. Nawajua watu waliofuta hotmail zao kwa sababu ya jina tu, lile jina la utotoni lenye namba nyingi na maneno ya mapenzi, unaona aibu kuliweka kwenye CV. Usifute. Akaunti ya Microsoft inakubali kuongezewa anwani nyingine mpya ndani ya akaunti ile ile, unaweka jina lako la heshima, unaifanya ndo kuu, na kabati linabaki kama lilivyokuwa.

Na uwe unaingia. Microsoft wanataka uingie angalau mara moja kila miaka miwili, Google nao tangu Desemba 2023 wanafuta akaunti binafsi zilizolala miaka miwili. Dada nilimwekea ukumbusho kwenye simu, kila mwezi wa kwanza aingie, hata dakika moja.

Jambo lingine lililofanya hizi GB za zamani ziwe na thamani kuliko zamani, tangu Februari 2023 viambatanisho vya email za Outlook na hotmail vinahesabiwa kwenye nafasi ya wingu. Mtu mwenye 5 akijaza kwa picha, hata email zinaanza kugoma, hapokei wala hatumi. Mwenye 40 hata hajui kama kitu hicho kipo.

Dirisha la 2012 lilishafungwa, la Januari 2016 nalo limefungwa, na hakuna ombi lolote unaloweza kutuma leo ukarudishiwa. Nasisitiza hili kwa sababu kuna meseji zinazunguka, "akaunti yako ya zamani imestahiki GB 50 bure, bonyeza hapa kabla ya saa 24", na ukibonyeza inakuletea ukurasa unaofanana kabisa na wa kampuni unakuomba nywila, wakati mwingine na namba ya kadi ya benki eti kwa uhakiki tu. Mtu akishaweka amepoteza akaunti nzima, na humo ndani kuna vyeti, kuna kitambulisho alichoskani, kuna picha za marehemu wazazi wake. Meseji ya namna hiyo ikikufikia usiiguse kiungo chake. Fungua kivinjari, andika mwenyewe anwani ya huduma yako, ingia, nenda kwenye ukurasa wa hifadhi. Kama kuna bonasi uliyopewa kweli utaikuta imeandikwa pale kwa mstari wake na kiasi chake, kama ile mistari mitatu ya dada. Kama mstari haupo, hujaongezewa kitu.