IELTS: ya vijiweni na ya chumba cha mtihani

"Usipoongea kama Mwingereza, umekwisha." Hilo ndilo la kwanza utakaloambiwa ukisema unajiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, na ndilo linalowaponza wengi. Mtu anaingia kwa mtahini akibana pua, maneno yanamkwama kooni. Lafudhi haipimwi. Kinachopimwa kwenye matamshi ni kama unaeleweka bila kumtaabisha msikilizaji, kisha ufasaha, msamiati na sarufi. Kwa hiyo sauti yako ya Tanga au ya Kisumu iache ilivyo. Tena Mswahili ana mtaji wake: aliyekua akitamka thamani na dhahabu hahangaiki na sauti zinazowatesa wengi duniani. Tunakotegwa ni kwenye irabu. Sisi tunazo tano tu, basi "ship" na "sheep" hututoka kama neno moja. Mazoezi yaelekezwe huko.

Kukariri insha nako kuna soko lake. Majibu yaliyopikwa huuzwa WhatsApp kama maandazi. Watahini wamefundishwa kuyatambua, na insha isiyojibu swali lililoulizwa hupoteza alama hata kama Kiingereza chake kinang'aa. Afadhali kujifunza kugawa saa moja ya kuandika. Kuna kazi mbili: ya kwanza isipungue maneno 150, ya pili 250, na hiyo ya pili ina uzito maradufu. Ajabu ni kwamba wengi humaliza nusu saa na zaidi wakichambua grafu ya kazi ya kwanza, halafu insha wanaiandika mbiombio. Dakika 20 kwa 40 ndio mgawo wa busara.

Wengine huogopa kubahatisha wakidhani jibu baya hukatwa alama. Halikatwi. Kusikiliza kuna maswali 40, kusoma vilevile 40, na kuacha nafasi tupu ni kujinyima bure. Ila tahajia inahesabiwa (ya Uingereza au ya Marekani, zote zinapokelewa), na ukiambiwa usizidishe maneno mawili ukaandika matatu, jibu hilo limekufa.

Kufaulu na kufeli? Hakuna. Unapewa bendi, kutoka 0 hadi 9, na chuo ndicho kinachoamua kama inakitosha. Matokeo kwa kawaida hutambuliwa kwa miaka 2.

Dhana iliyobaki ni ya wasomi wetu: "Nimesoma sekondari yote kwa Kiingereza, nijiandae nini?" Tanzania sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, sawa, lakini tunajua darasani mambo yalivyo: mwalimu akiona mmeduwaa, anarudia, na mara nyingi anarudia kwa Kiswahili. Kwenye kusikiliza, rekodi huchezwa mara moja tu. Ukiwa bado unalifikiria swali la saba, msemaji ameshafika la tisa.